Benchi la Waswahili

Mkuu wa chuo aliniita ofisini kwake baada ya sala ya adhuhuri, akaniambia nijenge benchi la ufundi. Wachezaji, alisema, watajileta wenyewe. Msimu uliopita timu yetu ya mpira ilikuwa imejitoa katika ligi ya vyuo kabla haijafika hata nusu. Kocha wa kigeni alikwenda likizo asirudi, vijana wakaanza kukwepa safari za mbali, na siku ya mechi ya Sur basi lilikaa getini likiunguruma mpaka dereva alipochoka akalizima. Safari hii, alisema mkuu, nina msimu mmoja tu. Tukijitoa tena, mpira wa miguu utafutwa chuoni na uwanja utatiwa lami uwe pahala pa kuegesha magari. Hapa Ibra kila mwanafunzi ana gari, au ana binamu mwenye gari, na pahala pa kuegesha ni ugomvi wa kila asubuhi. Nikaona kuwa hatanii.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu. Nilizaliwa Unguja, nikaletwa huku Oman nikiwa mtoto wa skuli, na Kiarabu nilijifunza viwanjani kwa kupigwa mateke na kutukanwa, skuli ambayo haikufundishi vibaya. Nimefundisha mazoezi ya viungo maisha yangu yote ya kazi. Nimeona makocha wakija na kuondoka, wengi wao na maneno makubwa ya kutia moyo, na nimejifunza kutoyaamini maneno hayo, hasa yakitoka kinywani mwangu. Sikuahidi kitu. Nilisema nitatafuta watu.

Wa kwanza hakunisumbua. Kulikuwa na mtu wa Sur, mfanyakazi wa serikali hapa Ibra, ambaye kila Alhamisi hurudi kwao pwani na kila Jumapili hurejea na samaki kwenye sanduku la barafu. Ujanani alikuwa kipa, na mama yake ni Mpemba, kwa hiyo Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Nilipomwomba awafundishe makipa alisema ndiyo kabla sijamaliza kueleza. Watu wa Sur ndivyo walivyo, hukubali kwanza wakafikiri baadaye.

Wa pili niliwekewa na chuo. Alikuwa kijana wa Nizwa mwenye shahada ya mambo ya mazoezi, msafi, mwenye adabu, kofia yake haijapinda hata siku moja. Yeye alipewa kazi ya viungo, yaani mbio, pumzi na majeraha. Kiswahili hakuwa nacho hata cha kuombea maji.

Wa tatu ndiye niliyemtaka tangu mwanzo, tangu nilipokuwa bado nimekaa mbele ya meza ya mkuu. Alikuwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyenipita kwa umri wa kutosha kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kuupiga mpira, nyuma ya nyumba yetu Unguja, kwa mpira wa matambara. Alikuwa beki. Watu wa umri wake waliobaki bado wanamsimulia. Yeye alikuja Oman akiwa mtu mzima, akaingia katika ofisi iliyoendeshwa kwa Kiingereza, na wenzake wote mezani walikuwa wametoka kule kule tulikotoka. Akastaafu hivyo hivyo. Kiarabu chake ni cha msikitini na cha sokoni. Atakusomea Kurani ukatamani kulia, atanunua mbuzi asipunjwe, lakini mzungumzo wa kawaida, wa mtu kuuliza na mtu kujibu, humpita mbele kama gari.

Tangu mkewe afariki alikuwa hatoki. Alikaa majlisi, sebule ya wageni, na mapazia yameshushwa, akitazama mechi za Uingereza televisheni ikiwa haina sauti, kwa sababu mtangazaji, alisema, anamharibia mpira. Wanawe wako Maskati. Wajukuu wakija humsalimia kwa Kiarabu, yeye huwajibu kwa Kiswahili, wao hutikisa vichwa, na mazungumzo huishia hapo. Kwa hiyo nilipokwenda kwake nilikuwa na haja mbili, na naziandika zote mbili ili zisije zikaonekana ni moja. Nilitaka timu imalize msimu. Na nilitaka kaka yangu atoke ndani ya ile nyumba.

“Wao wananitaka, au wewe ndiye unayenitaka?” aliniuliza.

“Nakutaka mie.”

“Na Kiarabu changu unakijua.”

“Ntakuwa pembeni yako kaka, ntasema mie. Wewe sema kama unavyosema.”

Alimtazama mchezaji mmoja kwenye televisheni akipoteza mpira, akasonya. Kisha akaniuliza mazoezi yanaanza saa ngapi.

Basi hilo ndilo lililokuwa benchi letu: watatu wa Kiswahili na mmoja wa Nizwa. Wakati ule niliona nimejenga vizuri. Wachezaji kweli walijileta, wengine kwa ajili ya mpira, wengine kwa sababu aliye timu huruhusiwa kukosa vipindi siku za mechi. Tukawapanga. Alasiri jua likianza kulegea juu ya uwanja, kaka alisimama katikati ya mabeki na kofia yake ya kiua na viatu vya michezo alivyonunuliwa na mwanawe, akiwaonesha kwa mabega na mikono jinsi ya kumsukuma mshambuliaji aende pembeni asikotaka. Alisema kwa Kiswahili, nami nikafuatisha kwa Kiarabu. Vijana walimtazama yeye, si mimi. Beki wa kushoto, kijana mrefu kutoka vijiji vya Samad Ash Shan, alianza hata kutembea kama yeye.

Mikutano ya benchi tuliifanya kwake, majlisi. Mapazia yalikuwa yamefunguliwa. Kulikuwa na halua na tende, na vikombe vya kahawa vilipangwa juu ya sinia kuwa mabeki na viungo, na mara kwa mara mmoja wetu alimnywa kiungo kwa kusahau. Tulizungumza Kiswahili. Hatukukubaliana kuzungumza Kiswahili, ndivyo tulivyo tu tukikutana. Ukikaa na watu wa kwenu, mbele ya kahawa, mpira ukizungumzwa, Kiarabu hakikujii. Yule kijana wa Nizwa alikaa pembeni na simu yake kwa adabu zote. Tukimaliza, nilimfasiria.

“Mmezungumza muda wote huu,” aliniambia siku moja, “na maana yake ni hiyo tu?”

Nilicheka. Nikamwambia yaliyobaki ni porojo za wazee. Alitikisa kichwa, akaaga, akaondoka. Wiki iliyofuata tulijitahidi tukazungumza Kiarabu mpaka kahawa ya pili, kisha mtu wa Sur akasimulia kisa cha mwamuzi wa zamani, na kisa kile hakisimuliki kwa Kiarabu.

Kwenye benchi, siku za mechi, mambo yalikuwa matamu zaidi, na sitaki kulificha hilo: nilifurahi. Sikuwa nimefurahi hivyo kwa miaka mingi. Kaka yangu aliamka. Kila mchezaji alimpa jina na kila kosa alilipa kisa chake. Winga wetu alikuwa anakimbia kama aliyemuona mkwewe njiani. Kiungo wetu alikuwa goigoi, alikuwa zoba, alikuwa bwana harusi anayeogopa kuchafua kanzu. Mtu wa Sur alicheka mpaka akashika mbavu. Huo ndio utani wa kwetu, na anayeujua anajua kwamba asiyetaniwa ndiye asiyependwa.

Na lilikuwapo neno moja alilolipenda kuliko yote. Unguja ya utoto wake, Mmanga alikuwa yule Mwarabu aliyefika juzi kutoka vijiji vya huku, na bunda lake begani, akafungua duka shamba, na watu wa mjini walimcheka lafudhi yake na ushamba wake. Kaka yangu alilichukua neno lile akalirudisha huku huku lilikotoka, akawapa watoto wa wale ambao hawakusafiri. “Mmanga huyo,” alisema kaka, beki akiokoa ovyo. “Mmanga kazaliwa na mbuzi, mpira kauona wapi?” Babu yetu sisi wenyewe alitoka Samad Ash Shan. Kaka alilijua hilo kuliko mimi, na ndilo lililokuwa linamchekesha.

Mechi ya nyumbani dhidi ya chuo cha Sur ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa siku ile sikuona. Beki wa kushoto alipitwa mara kwa mara na winga mmoja mdogo mwenye miguu ya moto, na baada ya mapumziko tukamtoa. Alipokuwa anakuja benchini, kichwa chini, kaka alisema jambo. Sitaliandika, kwa sababu halichekeshi nikiliandika. Wakati ule lilichekesha. Tulicheka sote watatu, na kijana akafika katikati ya kicheko, akachukua taulo, akaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi. Tulifungwa. Mazoezi yaliyofuata hakuja. Baada yake kiungo hakuja, na baada yake wengine wawili walikuja wakiwa na nguo za kawaida, wakasimama nje ya uzio wakitazama.

Kijana wa Nizwa alinifuata kwenye gari.

“Ustadhi, vijana wanasema mnawacheka.”

“Hawajui tunasema nini.”

“Ndiyo maana,” alisema.

Nilikwenda nyumbani nikipiga hesabu ya wachezaji waliobaki, na haikunipa usingizi mzuri. Mbele yetu zilikuwapo safari, na ya mwisho ilikuwa Nizwa. Nikaliona lile basi likiunguruma getini.

Siku ya pili yake aliyekuja ofisini kwangu alikuwa kipa. Alikuwa kijana mnene kidogo, mtaratibu, aliyedaka vizuri kuliko alivyoonekana, na ambaye kaka alikuwa amempa jina la Bibi Harusi kwa jinsi alivyozipenda glavu zake. Alivua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuna anayelifanya ofisini kwangu. Kisha akasema, “Shikamoo, mwalimu.”

Nilimjibu marahaba kabla sijaelewa kilichotokea. Halafu nikaelewa, na nikahisi moto masikioni.

“Kiswahili umekipata wapi?”

“Kwa mama aliyenilea. Alikuwa akifanya kazi nyumbani kwetu. Mtu wa Tanga. Mama yangu alikuwa mgonjwa, basi mimi nilikuwa naye jikoni tangu mdogo mpaka alipokwenda kwao.” Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni kweli, cha polepole, cha heshima, chenye maneno ambayo mwanamke humwambia mtoto. “Sikusema, kwa sababu mara ya kwanza nilipowasikia niliona haya. Halafu nikaona nimechelewa kusema.”

“Umesikia nini?”

“Yote, mwalimu. Goli liko mbali, lakini mazoezini nasimama karibu. Na kipindi cha pili, tukibadilisha upande, upepo unakuja kwangu.”

Nilimuuliza kama amewaambia wenziwe. Hapo ndipo aliposema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka hunibidi niache ninachokifanya.

“Wao wananiuliza, kwa sababu wanajua nakijua. Wananiuliza, wazee wanasema nini? Mimi nawaambia mazuri. Babu akisema huyu zoba, nawaambia babu anasema umechoka, pumzika. Akisema Mmanga, nawaambia anasema ndugu yetu. Siku ile ya Sur beki akaniuliza, wamecheka nini? Nikakosa cha kusema. Nilichoka. Akaniangalia usoni, akajua.”

Nje mtu alikuwa anapiga honi kwa sababu ya pahala pa kuegesha.

“Nataka kuacha timu, mwalimu,” alisema. “Sikukasirika. Lakini siwezi kudaka na kusema uongo kwa pamoja, natoka jasho bure.” Halafu, akiwa ameinama kuvaa viatu: “Mmanga ni nani hasa? Nilimpigia simu mama wa Tanga nikamuuliza, akasema hajui, labda ni nyinyi wenyewe.”

Nilimwomba anipe mpaka wiki ijayo. Alikubali. Alipoondoka nilijua ninalotakiwa kufanya na nilijua linafanywa vipi. Kwa watu wetu, mkubwa hakemewi. Ukiwa na neno kwa kaka yako mkubwa unamwendea nyumbani baada ya sala ya Ijumaa, unakula naye, unanywa kahawa, unazungumza habari za wagonjwa na za harusi, na mkiwa mlangoni, ameshika mkono wako, unalitia lile neno kwa upole kama linalomhusu mtu mwengine. Yeye atajua. Nawe utajua kwamba amejua. Basi.

Sikufanya hivyo. Nilijiambia kwamba hata huko mlangoni nitakuwa namkemea, na sina uso wa kumkemea aliyenifundisha mpira. Nikaona njia iliyo na heshima zaidi ni kuweka kanuni ya watu wote, ambayo haimgusi yeyote kwa jina. Nilifikiri nimepata ufumbuzi wa maana. Mkutano uliofuata, pale pale majlisini kwake, mbele ya sinia yake, nilikaa sawa nikasema, kwa Kiarabu, kwamba kuanzia leo katika uwanja, katika benchi na katika mikutano, wote tutazungumza Kiarabu, na hakuna mchezaji atakayetajwa kwa jina lisilo lake. Nilisema kwa Kiarabu kwa sababu ingekuwa kichekesho kuitangaza kanuni hiyo kwa Kiswahili. Nilisema haraka pia, kama mtu anayebandua plasta.

Kijana wa Nizwa aliinua macho kutoka kwenye simu. Kaka yangu alikuwa ananitazama mdomo. Alikuwa ametabasamu, akisubiri nimfasirie, kama nilivyofanya siku zote. Sikumfasiria. Nilikuwa nimekwisha kusema, na sikujua nianzie wapi tena. Akamgeukia mtu wa Sur, taratibu.

“Kasema nini?”

Mtu wa Sur alinitazama mimi kwanza. Kisha akamweleza, kwa maneno machache, kwa sauti ya chini, akiangalia zulia. Nilimuona kaka akisikiliza maneno yangu yakitoka kwa mtu mwengine, nyumbani mwake mwenyewe. Hakukasirika. Ningependelea akasirike. Alikitikisa kikombe chake, kama tufanyavyo huku mtu akitosheka na kahawa, akakirudisha kwenye sinia.

“Zen,” alisema kwa Kiarabu. Sawa.

Kanuni ilifanya kazi, na ni lazima niseme hivyo kwa sababu ni kweli. Nilimrudia kipa nikamwambia, akabaki. Yeye akamwendea beki wa kushoto kijijini kwao, na sijui walizungumza nini, lakini beki alirudi, na baada yake wengine. Kijana wa Nizwa, kumbe, alikuwa na mawazo. Alikuwa ameona tangu mwanzo kwamba vijana wetu wanaishiwa pumzi karibu na mwisho kwa sababu tunawakimbiza vibaya, na alikuwa amelisema hilo mara moja, kwa Kiarabu, wakati sisi tunacheka. Tulimsikiliza. Timu ikaanza kupata sare, halafu ushindi.

Na kaka yangu alikuja kila siku. Hili ndilo nililoliogopa, kwamba hatakuja, na nilipoona gari lake limeegeshwa nilifurahi nikaona yamekwisha. Alikuja na akazungumza Kiarabu. Alikitembea kama mtu aliyevua viatu juu ya changarawe, neno kwa neno, akisimama, akirudi nyuma. Mara ya kwanza nilijiandaa kuwa vijana watamcheka. Hawakumcheka. Akikwama walimpa neno, na yeye alilichukua akalisema tena, na mkono wake ukamaliza yaliyobaki. Nadhani walimpenda zaidi. Kwenye benchi alikaa kimya, mikono juu ya magoti. Winga alikimbia alivyokimbia na hakuna aliyesema kitu.

Na mimi alinijibu kwa Kiarabu. Nililipokea mwanzoni kama mzaha. Nikimwambia, “Kaka, jua kali leo,” aliniambia kwa Kiarabu kwamba ndiyo, jua ni kali. Nilimwambia tuko nje ya uwanja, kanuni haipo, akatabasamu akasema, kwa Kiarabu, kwamba kanuni ni nzuri. Aliniita mudarrib, kocha. Ijumaa nilikwenda kwake na mke wangu akapika biriani ya kuku kama alivyoizoea, tukala, na akazungumza Kiswahili na mke wangu chakula chote. Nilipomuuliza mimi kama anaongeza wali, alinijibu “La, shukran.” Mke wangu alinitazama. Njiani aliniuliza nimemfanyia nini, nikasema sijamfanyia kitu, mzee ameamua kujifunza. Hasira zilinipanda. Niliona anafanya utoto. Nilijiambia nina timu ya kumalizia msimu na sina muda wa kumbembeleza mtu mzima.

Siku ya Nizwa basi lilijaa. Vijana waliimba kutoka getini. Kaka alipanda gari langu, kama kila safari, na tukasafiri mpaka Nizwa bila ya maneno ya kutosha kujaza kikombe. Yeye alisoma vibao vya barabarani kwa sauti, kwa Kiarabu, kama mtoto wa skuli, na sikujua kama ananifanyia makusudi au anafanya mazoezi.

Mechi ilikuwa ngumu na mbaya, kama zinavyokuwa za mwisho. Walitufunga mapema. Kipindi cha pili kaka alisimama ukingoni mwa uwanja akamwita beki wa kushoto kwa jina lake, jina kamili, na la baba yake, akamwambia neno moja la Kiarabu: subira. Kisha akamuonesha kwa bega. Beki alimsukuma winga wao nje mara moja, mara mbili, na mara ya tatu akampokonya mpira, na kutokana na mpira ule tukasawazisha. Karibu na mwisho wao walipata penalti. Kipa wetu alisimama mstarini akiirekebisha glavu yake, tena, na tena, mpaka mwamuzi akamfokea, kisha akaruka upande uliokuwa sahihi. Filimbi ilipolia tulikuwa tumetoka sare. Tulikuwa tumemaliza msimu. Kijana wa Nizwa alinikumbatia na kofia yake ikaanguka.

Nilimtafuta kaka. Alikuwa amekwisha kuvuka uwanja, na nilimsikia kabla sijamuona vizuri, kwa sababu alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mkutano ule. Alikuwa amemshika kipa mashavu yote mawili.

“Bibi Harusi weye! Yaani watu wanangoja waage dunia, wewe unatengeneza glavu? Ulitaka tukuletee na kioo?”

“Babu, zilikuwa zimelegea,” alisema kipa kwa Kiswahili chake cha Tanga, naye anacheka.

“Mmanga we! Mmanga mwenye mikono! Nani kakuzaa?” Na beki wa kushoto alipofika akiuliza kwa Kiarabu mzee anasema nini, kipa alimfasiria, neno kwa neno safari hii, nilisikia, Mmanga na yote, na beki akaangua kicheko akamwinua kaka yangu juu.

Nilingoja wamteremshe. Nilikuwa nimefurahi, na nilikuwa na maneno mengi, ya Kiswahili, ambayo hapakuwa na mtu mwengine Nizwa nzima wa kuambiwa. Nilimkaribia nikasema, “Kaka, tumemaliza. Twende zetu, gari liko kule.”

Alinigeukia. Uso wake ulikuwa bado una kicheko, na nilikiona kikiondoka, bila ya chuki, kama mtu anavyofunga kitufe cha kanzu mgeni akiingia. Akanipa mkono. Akaniambia kwa Kiarabu, taratibu, kila neno pahala pake, kwamba ananipongeza, kocha, na kwamba yeye atarudi na vijana.

“Kaka,” nilisema.

“Fi amanillah, ya mudarrib,” aliniaga, na akashikwa mkono na kipa kupandishwa ngazi za basi.

Nilikaa ndani ya gari mpaka basi lilipotoka. Njiani mkuu wa chuo alinipigia simu. Alisema uwanja hautaguswa, alisema mambo mazuri mengi, kisha akaniuliza mwakani nataka benchi gani. Nikamwambia lile lile. Akasema vizuri, benchi zuri, na Kiarabu cha yule mzee kimekua, mashallah. Nikasema ndiyo, mashallah, kimekua. Kuanzia hapo mpaka Ibra niliendesha nyuma ya basi, na kwenye kioo chake cha nyuma nilimuona kaka yangu amesimama baina ya viti, anasimulia kitu kwa mikono miwili, na vijana wote wamemgeukia. Nilifungua dirisha. Sikusikia kitu.